Mgonjwa Aliye Nyumbani kwa Mkulima

Katika wiki ya mwisho ya Mei 2024, muguka, jani la kutafuna ambalo huamsha mwili, ulifika Ikulu na mahakamani karibu kwa pamoja. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alikuwa ametoa agizo la kuupiga marufuku katika kaunti yake. Kilifi ikafuata, kisha Taita Taveta. Rais William Ruto akakutana na viongozi wa Embu, Gavana Cecily Mbarire akiwa mbele yao, na kutangaza kwamba marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria za taifa. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikaisimamisha. Kuanzia Gachoka hadi Kiritiri watu walishangilia, na walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Ardhi hii ya Mbeere si ile ya majani chai iliyo juu karibu na mlima. Hapa mvua hukatika kabla mahindi hayajabeba, ndengu hupata mwaka mmoja na kukosa mwaka unaofuata, lakini muguka huvumilia kiangazi na huchumwa tena na tena mwaka mzima. Karo imelipwa kwa jani hilo, mabati yameezekwa kwa jani hilo.

Hata hivyo, kesi ile iliuliza jambo moja tu: je, muguka unaruhusiwa kuuzwa? Haikuuliza, wala haikuwa kazi yake kuuliza, ni nani kati yetu ameshindwa kuuacha. Maswali hayo mawili tumeyafunga katika gunia moja, na tangu hapo anayetaja la pili huonekana kama ametumwa na wapinzani wa lile la kwanza. Mama ambaye mwanawe hajalala usiku wa pili sasa, kijana anayezungumza peke yake akizunguka boma, hunyamaza kwa sababu karo ya mdogo wake yule kijana inatoka kwenye kichaka kilekile. Baba hunyamaza kwa sababu yeye ni mwanachama wa chama cha wakulima. Jirani hunyamaza kwa adabu. Toleo hili tumelitoa ili kuyatenganisha maswali hayo, na msimamo wetu tunausema mapema: mtu anaweza kulitetea zao lake kwa nguvu zote na bado akasema waziwazi kwamba mtoto wake ni mgonjwa. Hakuna usaliti hapo.

Tunasema hivi tukijua kwamba muguka si peke yake. Kelele zake zimeufunika ulevi wa pombe, ambao hapa kwetu ni wa zamani zaidi na unaua zaidi. Pombe huzungumzwa tu inapoua wengi kwa mpigo. Mei 2014 vileo vilivyochanganywa na methanoli viliua zaidi ya watu 80 katika kaunti kadhaa, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana; baadhi ya walionusurika walipofuka. Februari 2024 ikawa zamu ya Kangai, kwa majirani zetu wa Kirinyaga, ambako watu wapatao 17 walikufa. Kamera zilikuja, mawaziri walikuja, mitungi ikamwagwa. Lakini yule anayekufa polepole, ini likioza kwa miaka minane, hupata tangazo la mazishi linalosema amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Sote pale kaburini tunajua haukuwa muda mfupi.

Kwa nini hatukuuona muda huo wote? Nafikiri ni kwa sababu tumejifunza kumtambua mlevi mmoja tu, yule aliyelala mtaroni na viatu vimeibwa. Huyo amefika mwisho wa safari. Aliye mwanzoni au katikati huenda ni mwalimu ambaye hajakosa kipindi hata kimoja, mwendeshaji boda boda anayeaminiwa kubeba watoto wa shule, au mzee wa kanisa. NACADA, mamlaka ya kitaifa inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, ilipofanya utafiti wake wa kitaifa wa 2022 ilikadiria kwamba kati ya Wakenya 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja ana matatizo ya uraibu wa pombe, na kati ya 28, mmoja anatumia miraa au muguka. Hesabu watu wa jumuiya yenu, au walioketi kwenye kikao cha mwisho cha chama. Huyo mmoja yumo, na pengine ndiye aliyeweka akiba kubwa kuliko wote.

Alama ya kwanza ya kutazama ni asubuhi. Vijana wetu wana msemo wao, kutoa loki, yaani kunywa kidogo baada ya kuamka ili mikono itulie na kichwa kifunguke. Wanausema kwa kicheko, lakini daktari akiusikia hacheki. Mwaka 1984 tabibu John Ewing alichapisha maswali manne mafupi ya kumtambua mraibu wa pombe: je, umewahi kuhisi unapaswa kupunguza, je, watu wamekuudhi kwa kukusema, je, umewahi kujuta kwa sababu ya kunywa kwako, na je, umewahi kunywa asubuhi mapema ili kutuliza mwili? Anayejibu ndiyo mara mbili anahitaji kuangaliwa vizuri. Baadaye Shirika la Afya Duniani likatengeneza maswali kumi yanayotumika hospitalini kote ulimwenguni hadi leo, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita ambamo yalifanyiwa majaribio. Hivyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba vipimo hivi ni vya wazungu. Majibu ya Wakenya yalikuwamo tangu mwanzo.

Muguka una alama zake, nazo hutupita kwa urahisi kwa sababu ya mahali tulipo. Kemikali inayoamsha mwili katika jani hilo, kathinoni, huanza kupungua nguvu mara jani linapochumwa, na baada ya siku mbili hivi huwa imebaki hafifu. Ndiyo maana magari ya mizigo hukimbia vile kuelekea Mombasa. Kijana wa pwani hununua jani lililosafiri usiku kucha, kwa pesa. Pesa zikimwishia huuza simu, kisha kitanda, na familia yake hugutuka. Kijana wa Gachoka hunyoosha mkono tu. Jani lake ni bichi, lina nguvu zote, na halimgharimu shilingi. Uuzaji huo wa vitu vya nyumbani, ambao kwingineko humfichua mraibu, hapa haupo, au huja ukiwa umechelewa mno. Sheria ya vileo ya 2010, ile ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, inataka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kichaka hakina saa ya kufunguliwa.

Basi tutazame nini? Tutazame usingizi na chakula. Mtafunaji aliyezidiwa hula kidogo, hukonda, hulalamika tumbo kufunga, hukesha. Usiku unapofika na macho yakikataa kufumba, hutafuta kitu cha kushusha handasi, yaani ule msisimko wa jani: chupa ya makali, au vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa bila karatasi ya daktari. Asubuhi huamka mzito kama aliyepigwa, na jani pekee ndilo linalomnyanyua. Hapo ana uraibu wa vitu viwili vinavyoshikana mikono, na familia inayopigana na kimoja bila kukijua cha pili itashindwa. Kabla jani la kwanza halijafika mdomoni huwa hasemezeki. Likishafika huwa mchangamfu, mwenye mipango mikubwa ya biashara ambayo haionekani kesho yake. Wapo wanaofika mbali zaidi, wakasikia sauti na kushuku kwamba ndugu zao wanawatafutia sumu. Ukiona hayo, usiite kikao cha wazee kwanza. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na juu ya alama zote hizo ipo moja ambayo kila mke na kila mama anaijua hata kama hajaipa jina. Ni mpaka anaojiwekea mwenyewe kisha akauvuka. Alisema atakunywa Jumamosi tu, akanywa Jumatano. Alisema hatatafuna baada ya adhuhuri, na jioni shavu limejaa. Wingi wa kile anachotumia unaweza kutuhadaa, kwa kuwa miili haifanani. Lakini mtu anayeahidi kwa dhati, akavunja ahadi, akaumia kwa kuivunja, kisha akaahidi tena, huyo hana kiburi wala hana dharau kwa mkewe. Ameshikwa. Si kila anayetafuna kwenye sherehe ya mahari ni mraibu, na si kila mzee anayeonja muratina amepotea. Kuwatia wote katika kapu moja ni njia nyingine ya kumkosa mgonjwa halisi.

Tukishamtambua, hapo ndipo tunapofanya makosa yanayoua. Tunapenda kiapo. Mtu hupelekwa mbele ya kanisa, anawekewa mikono, anaapa hataonja tena, na jioni hiyo anafungiwa chumbani ili asitoroke. Maombi siyapingi, yamewasimamisha wengi. Ninachopinga ni kufuli. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa miaka ukinyimwa ghafla, huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kupatwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, joto likapanda, moyo ukaenda mbio, na asipotibiwa akafa. Akifa, watu husema pombe ilikuwa imemmaliza. Kumbe aliuawa na kuacha bila msaada. Hospitali zina dawa za kuuvusha mwili salama siku hizo, pamoja na vitamini ya kulinda ubongo. Mtu anayekunywa kuanzia asubuhi asiambiwe aache leo kwa nguvu za moyo wake. Aambiwe twende hospitali leo.

Kuacha muguka hakuleti degedege za namna hiyo, lakini kuna shida yake. Siku za kwanza ni za usingizi mzito, ndoto za kutisha, hasira na huzuni kubwa. Huzuni hiyo huweza kumfikisha mtu mahali pa kutamani kufa, kwa hiyo asiachwe peke yake. Hakuna kidonge cha kumwondolea hamu ya jani. Kinachomsaidia ni ushauri nasaha, watu, na kazi. Hapa lazima tuseme jambo ambalo wakulima wenzetu hawatalipenda: kijana anayejitahidi kuacha hawezi kurudishwa wiki ijayo kuchuma katika shamba lilelile. Mtafutieni mbuzi wa kuchunga, mpelekeni kwa fundi wa ujenzi, au kwenye mpunga wa Mwea msimu ukifika, lakini msimweke katikati ya vichaka na kumwambia awe mwanamume. Na mwenye shamba asimpe kibarua kiganja cha majani kama sehemu ya ujira, wala asiwaite wanafunzi kuchuma siku za masomo.

Wengi huanguka tena. Familia huchukulia anguko hilo kama ushahidi kwamba pesa za matibabu zilitupwa, na mgonjwa huona aibu ya kurudi kwa mshauri. Wanaotibu uraibu hulitarajia anguko, na hulitumia kuuliza: ulikuwa wapi, na nani, umelipwa ujira saa ngapi? Ujira unaotolewa taslimu alasiri, nusu saa kabla ya baa kufunguliwa, ni mtihani ambao mtu wa wiki ya tatu hapaswi kupewa. Mpesa ya mkewe au akaunti ya chama ingempa nafasi ya kupumua. Vikundi vya watu waliowahi kulewa wakaacha, utaratibu ulioanzia Akron, Marekani, mwaka 1935 kwa watu wawili tu, vipo Kenya pia, na nguvu yao ni kwamba aliyeanguka jana anasikilizwa na aliyewahi kuanguka.

Sheria yetu, kwa upande wake, imeshasonga mbele kuliko sisi. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanamhesabu mtu aliyepimwa na kukutwa na uraibu wa pombe au dawa kuwa miongoni mwa wagonjwa wa akili, wenye haki ya kutibiwa. Simu ya NACADA, 1192, hupigwa bila malipo. Lakini haki iliyo karatasini haina kitanda. Familia ya Gachoka ikitaka matibabu kamili hufikiria Embu mjini au hospitali ya Mathari, Nairobi, na vituo vya kibinafsi ambavyo bei yake huuza shamba.

Ndipo tunarudi kwa muguka na pesa zake. Nilipinga marufuku ya pwani, na bado naipinga, kwa sababu iliwaacha waraibu wa Mombasa bila matibabu na wakulima wa Mbeere bila soko. Ila wazazi wa Kisauni na Likoni waliolia mbele ya gavana wao hawakuwa waongo. Walilia kilio ambacho sisi hukilia ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Kaunti hutoza ushuru mazao yanayotoka mashambani. Sehemu ya ushuru wa muguka, iliyotajwa kwa kiwango na kuandikwa katika bajeti, ifungue wodi ndogo ndani ya Mbeere Kusini, yenye muuguzi aliyefunzwa kuwavusha watu siku zile nne za hatari na mshauri wa kukaa nao miezi inayofuata. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Mkutano utakapoitishwa Kiritiri, tunawaomba wakulima wa muguka wawe wa kwanza kusimama na kuidai wodi hiyo.