Mwendo wa Wimbo na Kimo cha Sauti



Juma lililopita hapa Njoro mzee mmoja, jirani yangu, aliniletea kaseti ya marehemu dada yake akiimba nyimbo za arusi. Kijana mmoja alikuwa amemhamishia nyimbo hizo katika simu. Tulipozisikiliza, mzee alitikisa kichwa akasema, "Huyu siye dada yangu, huyu ni mtoto." Maneno yalikuwa yale yale, ila sauti ilikuwa nyembamba na wimbo ulikwenda mbio. Vijana walicheka. Mzee hakucheka, kwa maana hana ukumbusho mwingine wa sauti ya dada yake.

Jambo hili si uchawi. Sauti ni mtetemo wa hewa. Mitetemo ikiwa mingi kwa sekunde moja, sauti huwa nyembamba. Ikiwa michache, huwa nzito. Santuri na utepe huihifadhi mitetemo hiyo kwa mpango, kama shanga katika uzi. Ukiuvuta uzi upesi, shanga nyingi zaidi hupita kwa sekunde ile ile. Basi utepe ukikimbia, wimbo hukimbia na sauti hupanda. Mambo hayo mawili hayaachani.

Santuri iliyokatwa kwa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ikichezwa kwa mizunguko 45, wimbo wa dakika 3 utakwisha kwa dakika 2 na sekunde 13. Ukiuzidisha mwendo mara mbili, sauti hupanda oktavo nzima. Hata kosa la sehemu 6 katika 100 latosha kuihamisha sauti toka kibonye kimoja cha kinanda hadi cha pili yake.

Wenye umri wanakumbuka jinsi gramafoni ya kukazwa kwa mkono ilivyolegea, mwimbaji akanguruma kama fahali. Betri zilizochoka hufanya vivyo hivyo. Lakini zikichoka wakati wa kunasa sauti, mambo hugeuka: utepe ulionaswa polepole, ukichezwa kwa mwendo wa kawaida, hukimbia. Nilipomwuliza mzee, alikiri kwamba siku ile ya arusi betri zilikuwa zimeanikwa juani ili zipate nguvu. Kijana hakuwa na kosa.

Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alifika Kapkatet, ng'ambo ya pili ya milima ya Mau, akanasa nyimbo za Wakipsigis. Bwana huyo alikuwa na desturi ya kupima ala za Waafrika kwa uma wa sauti, yaani chuma chenye meno mawili ambacho kikigongwa hutoa sauti isiyobadilika. Alifanya vema, maana kinubi hukazwa kwa sikio la mpigaji mwenyewe. Hakiwezi kutuambia baadaye kama utepe umekimbia.

Sisi hatukuwa na uma. Shahidi wetu alikuwa sikio la mzee. Kwa kompyuta tuliupunguza mwendo kidogo kidogo, hata akainua mkono akasema, "Ndiye." Kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Nawaonya jambo moja. Tangu mwaka 1966, Flanagan na Golden wa Marekani walipoeleza njia ya kuvitenganisha vitu hivi kwa hesabu, imewezekana kubadili mwendo bila kuigusa sauti. Programu nyingi za leo hufanya hivyo. Kwa kaseti kama hii hazifai. Chagueni ile inayoshusha mwendo na sauti pamoja.

Na ninyi mnaowanasa wazee wenu, anzeni kwa kutaja tarehe, mahali na jina la mwimbaji, kisha gongeni uma wa mitetemo 440 kwa sekunde. Sauti hiyo ndogo itawashuhudia wajukuu kwamba wanayemsikia ndiye bibi yao.