Majengo Mmezindua, Daktari Je?

Makamanda, mimi nasoma sheria, udaktari siujui. Ila usiku nliokaa na dada yangu kwenye benchi la kituo cha afya, uchungu umemkamata tangu jana yake, umenifundisha kitu.

Chumba cha upasuaji kilikuwepo, kipya, kimezinduliwa na Mwenge. Daktari naye alikuwepo, kijana wa rika letu, mpole. Akaandika rufaa. Gari la wagonjwa halina mafuta, tukachangishana. Dada tulimpata, mtoto hatukumpata.

Baadaye yule daktari aliniambia: "Upasuaji huu nimeufanya nikiwa mtarajali, lakini bingwa alikuwa mlango wa pili. Hapa niko peke yangu."

Simlaumu. Daktari anatibu kama alivyofundishwa. Miaka mitano ya chuo, mwaka mmoja wa utarajali, karibu yote kwenye hospitali kubwa zenye maabara, mabingwa na mashine. Halafu unampeleka pasipo na hata mmoja wa kumuuliza. Atafanya nini? Ataandika rufaa. Hiyo ndo tiba aliyozoea: kumpeleka mgonjwa kwa anayejua zaidi.

Hata sisi wa sheria tuko hivyo hivyo. Tunakariri hukumu za Mahakama ya Rufani, kumbe mwananchi anatusubiri na mgogoro wa mpaka wa shamba.

Na msiniambie haiwezekani. Nchi hii ilianza kufundisha madaktari wasaidizi tangu 1963. Walichukua tabibu aliyekwisha fanya kazi, wakamwongezea miaka miwili, upasuaji ukiwemo, wakamrudisha wilayani. Hao ndo waliowapasua mama zetu wengi mikoani, na wengi wetu tumezaliwa mikononi mwao. Walifundishwa kwa ajili ya mahali walipokwenda kufanya kazi.

Sheria ya mwaka 2017 inamtaka daktari amalize utarajali kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Sawa. Basi sehemu ya utarajali huo ifanyike kwenye vituo vya afya, pamoja na msimamizi mzoefu, posho ilipwe kwa wakati. Na daktari mpya akipangiwa kijijini, asiachwe peke yake mwaka wa kwanza.

Serikali inapenda kuhesabu majengo kwa sababu majengo yanapigwa picha. Mkutano ujao wa kijiji, wakisoma taarifa ya mradi, nyoosha mkono uulize: atakayeshika kisu humo ndani amejifunzia wapi, na usiku akikwama anampigia nani?