KONA YA KOMPYUTA: Weka picha ndani ya herufi bila kuikata

Mwezi huu tunajibu ombi ambalo tumeletewa mara nyingi: namna ya kuandika jina, halafu picha ionekane ndani ya herufi zake.

Kwanza tuungame kosa letu. Mama mmoja jirani alituletea picha ya marehemu mumewe, ndogo kama ya kitambulisho. Ndiyo pekee aliyotoka nayo nyumbani. Alitaka neno BABA lijazwe picha hiyo, watoto waitundike ukutani. Tukaiskani, tukaandika neno, tukafuta kila kilichokuwa nje ya herufi, tukasevu. Tulipoprinti, lo! Jicho moja limeangukia kwenye tundu la herufi A, halipo. Na kulirudisha haiwezekani, maana tulisevu juu ya picha ileile. Ikabidi turudi: "Shikamoo mama, tunaomba picha tena." Akaifungua taratibu kutoka kwenye kitambaa. Mkunjo wake ulikuwa umezidi kupasuka. Siku hiyo tulijifunza: picha usiikate, ifiche.

Kufichwa huko kunafanywa na maski. Chukua kadibodi, toboa neno, ilaze juu ya kitenge. Kitenge kitaonekana kwenye matundu tu, lakini hakijakatwa hata uzi mmoja. Maski ni kadibodi hiyo ndani ya kompyuta. Penye rangi nyeupe picha inaonekana, penye nyeusi inafichwa, penye kijivu inaonekana nusunusu.

Sisi tunatumia GIMP, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996. Inakubali Windows na Linux, na ikishawekwa kwenye mashine haihitaji intaneti. Fuateni hatua hizi:

1. Skani picha ndogo kwa kipimo cha 600. Hata ukiiprinti mara 2 ya ukubwa wake, itabaki na 300, haitachakaa. Tengeneza kopi, fanyia kazi kopi.

2. Fungua kopi kwenye GIMP. Bonyeza herufi T, andika neno fupi kwa herufi kubwa nene. Kama picha imesimama wima, andika mistari miwili: BA juu, BA chini. Sogeza neno mpaka uso ukae mahali pazuri.

3. Kwenye orodha ya matabaka, bonyeza tabaka la maandishi kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Alpha to Selection". Vistari vitazunguka herufi.

4. Bonyeza tabaka la picha kwa kitufe kilekile cha kulia, chagua "Add Layer Mask", halafu "Selection". Sasa funga alama ya jicho iliyo pembeni ya tabaka la maandishi. Picha imeingia ndani ya herufi!

5. Ongeza tabaka jipya jeupe, livute hadi chini kabisa, liwe kama karatasi.

6. Jicho au mdomo umefichwa? Usihangaike. Ondoa vistari kwa "Select" kisha "None", bonyeza maski, chukua brashi yenye rangi nyeupe, pitisha hapo polepole. Jicho litarudi, kwa sababu halikuondoka.

7. Sevu kama XCF, ndiyo inayotunza matabaka na maski. Ya kuprinti itoe kwa "Export As" kama PNG au JPEG, na uipe jina jingine. JPEG haitunzi matabaka, kwa hiyo usiifanye ndiyo kopi yako ya pekee. Hapo ndipo sisi tulipoangukia.

Kazi ya mama yule tuliirudia hivyo hivyo. Sasa BABA yuko ukutani, macho yote mawili, na picha yake nzima imehifadhiwa pembeni bila kuguswa.

Basi ndugu zetu, mwenye picha ya zamani asingoje ipasuke. Hata kama huna haja ya herufi, iskani mapema na utunze kopi mahali pawili. Karatasi inachoka, na wengine wetu hatuna pa kupata nyingine.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuziba mikunjo kwenye picha. Kazi njema, na amani nyumbani.