Dawa zimepigwa marufuku, na kibarua wa bomba je?

Serikali ilipotangaza mwaka wa 2025 kwamba imepiga marufuku dawa 77 za shambani na kuziwekea masharti nyengine 202, wengi wetu tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini orodha ile yazungumzia chupa. Haimtaji kijana anayebeba bomba mgongoni kwa ujira wa siku, na hapa Pwani huyo ndiye anayeilipia dawa kwa mwili wake.

Nimepita mashamba ya matikiti na nyanya upande wa Malindi na Tana River, na ya maembe kule Magarini. Mara nyingi nimekuta hali ile ile: shati la mikono mifupi, kandambili miguuni, kitambaa usoni. Kibarua huyo si mwenye shamba, wala hakuinunua dawa. Ameitwa asubuhi, akaambiwa apige. Pengine hata lebo hakuiona, kwani dawa ilipimwa dukani ikatiwa kwenye chupa ya soda.

Si kwamba sheria hakuna. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, sura ya 346, ilipitishwa mwaka wa 1982. Yakataza kuuza dawa isiyosajiliwa na bodi ya PCPB, na yakataza pia kuitumia dawa katika hali isiyo salama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwaka uo huo ikaja sheria ya fidia kwa anayeumia kazini. Tatizo ni kwamba ukaguzi hauingii kwenye shamba la ekari mbili, na kibarua akilalamika leo, kesho haitwi.

Basi angalau ayajue ya kumlinda. Rangi iliyo chini ya lebo ina maana: nyekundu ndiyo hatari zaidi, kisha manjano, buluu, na mwisho kijani. Hata ya kijani si ruhusa ya kupiga bila glavu. Sumu huingia zaidi kwa ngozi kuliko kwa mdomo, na joto letu na jasho huifungulia njia. Kwa hivyo ni bora kupiga asubuhi mapema au jioni, na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, kazi ingoje. Bomba likiziba, lisipulizwe kwa mdomo. Nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yatiwe ndani ya bomba, kisha itobolewe ili isije ikawa ya kuchotea maji. Mtu akianza kutokwa na mate na jasho jingi, mboni zikasinyaa na misuli ikatetemeka, apelekwe hospitali mara moja pamoja na lebo ya dawa. Msikae kumnywesha maziwa mkingoja apoe.

Najua jibu la mkulima: glavu, buti na barakoa ya dawa ni gharama, na bei ya tikiti sokoni haina uhakika. Ni kweli. Ndio maana naona mzigo huu hauwezi kuachiwa mkulima mmoja mmoja. Kila wadi iwe na wapiga dawa wachache waliofunzwa, wenye vifaa vyao kamili, wanaoitwa na mashamba mengi kwa zamu. Kaunti zetu hugawa mbegu na mbolea. Haziwezi kushindwa kununua seti kumi za vifaa na kulipia mafunzo ya siku mbili. Vyama vya wakulima navyo vyaweza kukataa kununua dawa isiyo na lebo.

Anayedhani haya hayamhusu kwa kuwa hana shamba, akumbuke mchicha anaonunua jioni. Lebo hutaja siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Aliyepewa chupa ya soda hazijui siku hizo, na mchicha wake wafika mezani kwetu sote.

Msimu ujao wa kampeni, wagombea wa udiwani watakapokuja barazani na ahadi za pembejeo, tuwaulize na hili: ni nani anayepiga dawa katika wadi yako, na amevaa nini?