Shamba Moja, Arusi Moja

Wazazi wapenzi wa Fizi na Baraka, mchezo wa Kikuyu *Ngaahika Ndeenda* wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ watuhusu. Wazazi wa Gathoni, wakitumaini kwamba mwana wa tajiri atamwoa binti yao, waweka shamba rehani ili ndoa yao wenyewe ibarikiwe kanisani kwa fahari. Gathoni apata mimba, kijana amkana, shamba lapigwa mnada.

Wanakijiji wa Kamirithu, Kenya, waliuonyesha tarehe 2 Oktoba 1977. Novemba serikali ikaukataza, na mwaka 1982 ikabomoa jukwaa lao. Mwaka 2022 ulichezwa tena Nairobi.

Tusiifanye sakramenti kuwa mashindano ya mali. Wala tusimhukumu binti peke yake, kijana akienda zake.