Mawakili wa Ajali Hawali Damu ya Mtu

Mjini Mombasa kuna hukumu iliyokwisha kutolewa bila shahidi hata mmoja kusikizwa: kwamba wakili wa ajali anakula damu ya watu. Utaisikia ufukweni Mama Ngina jioni, mbele ya mihogo na madafu, meli ya kontena ikipita na feri ya Likoni ikiisubiri. Utaisikia kwa wenye matatu, kwa mawakala wa bima, hata kwa mawakili wa kesi za mashamba na za biashara, ambao huwaona wenzao wa magari kuwa watu wa daraja la chini. Madai yenyewe ni kwamba zile ofisi ndogo za ghorofani, za Nkrumah Road na Moi Avenue, zenye wakili mmoja au wawili na makarani wachache, zinaombea magari yapinduke, zinavimbisha fidia, zinaua kampuni za bima, na mwisho mlipa nauli ndiye anayeumia. Nasema madai haya si kweli, na tena yanawafunika wale hasa wanaostahili lawama.

Tuanze na kile ambacho sheria inamtaka aliyefiwa akifanye. Chukua mjane ambaye mumewe alikuwa taniboi, yaani msaidizi wa dereva, wa lori. Kama mume aligongwa na gari la mtu binafsi pale Changamwe, sheria inampa mjane miaka 3 ya kushtaki. Kama kilichomuua ni mtambo wa Mamlaka ya Bandari, kifungu cha 66 cha sheria ya mamlaka hiyo kinampa miezi 12 tu, na kabla ya kushtaki lazima atoe notisi ya maandishi na kungoja mwezi mzima. Shirika la Reli lina kifungu kinachofanana na hicho. Gari likiwa la serikali, muda ni miezi 12 pia. Akitaka kumdai mwajiri kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, haanzii mahakamani kabisa, anaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Hilo la mwisho liliwashinda hata wanasheria: lilibishaniwa hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2019, na bado mwaka 2023 Jaji Mkuu alilazimika kutoa mwongozo kuhusu kesi zilizokuwa zimekwama. Sasa mjane wa Kiislamu wa Mji wa Kale anakaa eda miezi minne na siku kumi. Kwa hesabu ya bandari, zaidi ya theluthi ya muda wake imeshakwenda kabla hajatoka edani. Nani anamwambia haya? Bandari haimwambii, wala mwajiri, wala kampuni ya bima. Anayemwambia ni mtu wa ile ofisi ya ghorofani.

Na mtu huyo mara nyingi si wakili. Ni karani aliyezeekea kazi hiyo, ambaye jina lake haliko kwenye kibao cha mlangoni. Karatasi ya kwanza anayoitaka ni abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa taarifa ya ajali. Anaisoma taratibu: namba ya gari, jina la kampuni ya bima, namba ya cheti cha bima, tarehe cheti kilipoanza na kilipokwisha, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa kampuni itapata mlango wa kusema kwamba gari hilo silo ililolikatia bima. Kisha anaiomba NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, rekodi ya umiliki, na anaitaka ya siku ile ya ajali. Malori mengi huuzwa kwa makubaliano ya mdomo na malipo ya nusu nusu, usajili ukabaki kwa jina la mwenye zamani, na Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vingine. Akishapata jina, mpeleka hati anatumwa Miritini au Mariakani kumtafuta mwenye jina hilo katika yadi isiyo na kibao, ambako kila anayeulizwa hujibu kwamba bosi amesafiri. Akimpata na kumkabidhi, anaapa hati ya kiapo kuhusu saa na mahali. Kesi nzima inaweza kuanguka kwa kiapo hicho kimoja. Hii ndiyo kazi inayoitwa kula damu.

Hukumu ikipatikana, ndipo tunapofika kwa wenye hatia. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima nchini Kenya kwa Sura ya 405 ya sheria za nchi, na sura hiyo inaitaka kampuni ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Maneno hayo ni mazuri. Lakini kampuni ikikataa, au ikinyamaza tu, mdai aliyekwisha kushinda hana budi kufungua kesi ya pili, safari hii dhidi ya kampuni yenyewe, kuiomba mahakama itamke kwamba inawajibika kulipa. Miaka mingine inaliwa hapo. Na kuna lililo baya zaidi. Kampuni ya bima ya United iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Xplico mwisho wa 2023, Invesco 2024, na zote zilikuwa na biashara kubwa ya bima za matatu. Kampuni ikifa, Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima humlipa kila mdai shilingi 250,000, si zaidi. Aliyeshinda milioni 2 kwa mguu uliokatwa afanye nini na tofauti iliyobaki? Anamgeukia mwenye matatu, ambaye alilipia bima kila mwezi kwa uaminifu, na sasa dalali wa mahakama yuko stejini anataka kuliondoa gari lake.

Hapo ndipo ile hadithi ya wala damu inapoonyesha haina miguu, kwa sababu mwenye matatu huyo naye hukimbilia ofisi zile zile. Anakwenda kuombewa zuio, kuombewa alipe kwa awamu, kupinga hesabu ya dalali. Dereva aliyefukuzwa bila kusikizwa anakwenda huko. Mwenye lori aliyezuiwa kwenye mizani ya Mariakani kwa uzito uliozidi anakwenda huko. Baharia aliyeachwa melini bila mshahara anamhitaji wakili anayejua kwamba Mahakama Kuu ya Kenya ni mahakama ya mambo ya bahari pia, na kwamba meli inaweza kukamatwa ikiwa bandarini, amri ikabandikwa juu ya meli yenyewe, isiondoke mpaka deni liwekewe dhamana. Usafirishaji ndio uhai wa kisiwa hiki, na elimu yake ya sheria haisomwi siku moja. Serikali ilipoagiza tarehe 3 Agosti 2019 kwamba mizigo yote iendayo Nairobi na bara ibebwe na reli ya SGR, maelfu ya riziki zilitikiswa kuanzia Changamwe hadi Mariakani. Watu waliandamana, na walikuwa na haki. Lakini kilichoyatangaza maagizo hayo kuwa kinyume cha Katiba, tarehe 6 Novemba 2020, ni uamuzi wa majaji watano wa Mahakama Kuu, hapa hapa Mombasa, ambao hoja yake kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Kesi ya namna hiyo haifiki popote bila mtu anayejua kupanga viapo, barua na tarehe.

Najua jibu linalokuja: ajali za kubuni. Zipo. Kuna watu waliodai kuumia ndani ya gari ambalo hawakulipanda, na ndiyo maana kitengo cha polisi cha uchunguzi wa ulaghai wa bima kimewekwa chini ya mamlaka inayosimamia bima. Wakili anayeshiriki afungwe, wala sitamwombea. Ila dai la kubuni halizaliwi kwa wakili peke yake. Linahitaji abstrakti, na abstrakti hutoka kituoni. Linahitaji ripoti ya matibabu, na hiyo hutoka kwa daktari. Hata hivyo sijasikia watu barazani wakisema kazi ya udaktari ni kula damu. Na kama fidia ndiyo inayoua kampuni, mbona zipo kampuni zinazokata bima za malori na mabasi, zinashtakiwa na mawakili hao hao mbele ya mahakimu hao hao, na bado zimesimama? Anayeuza bima ya gari la abiria kwa bei isiyolingana na hatari yake, ili amnyang'anye mwenzake wateja, amekwisha kuandaa kuanguka kwake kabla ya ajali ya kwanza.

Jibu la pili ni zito zaidi, na linaniuma: mawakili wanaopokea fidia na kumfinyia mteja, au kumzungusha hadi achoke. Huo ni wizi, na mwathiriwa wake ni mtu ambaye amekwisha kuibiwa mkono au mume. Sheria ya Mawakili tayari inabatilisha mapatano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda, na Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili ipo tangu 1989. Havitoshi, kwa sababu pesa bado hupitia mkononi mwa wakili kwanza. Zigawanywe zinapotoka: haki ya mdai iingie kwenye akaunti yake, gharama ziingie kwa wakili, siku ile ile, na mahakama ipewe risiti zote mbili. Mawakili waaminifu wa mji huu wangekuwa wa kwanza kudai hivyo, maana ndio wanaochafuliwa jina.

Wanaozidi kusema kwamba madai haya yanapandisha nauli wanasahau kwamba gharama ya mguu uliokatwa haipotei dai lisipofunguliwa. Inahamia nyumbani kwa majeruhi, kwa mama anayeuza maandazi ili alipie dawa, kwa mtoto anayeachishwa shule. Wakifutwa mawakili wa ajali kesho, hakuna hata lori moja litakaloacha kupinduka Mariakani. Kama Bunge linataka kupunguza kesi, kazi iko wazi: lifute kifungu cha 66 cha sheria ya bandari na ndugu yake wa reli ili mjane wa taniboi apate miaka 3 kama wengine, liondoe ulazima wa kesi ya pili dhidi ya kampuni ya bima, na lipandishe zile shilingi 250,000 zifike karibu na milioni 3 ambazo sheria yenyewe imekwisha kukubali kwamba mtu mmoja anaweza kustahili.