Umeme "mchafu" na sabufa ya Ndandalo

 

Kuna biashara ilianzia mjini na sasa naona imeanza kuteremka mpaka kwenye mpunga. Binamu yangu ni mwalimu Ndandalo, kule Kyela. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kidude cheusi chenye soketi nne na taa ya bluu. Muuzaji anakiita "kisafisha umeme". Kazi yake, kwa maelezo ya muuzaji, ni kuondoa uchafu uliomo kwenye umeme kabla haujaingia kwenye sabufa, halafu besi inashuka chini zaidi na sauti ya mwimbaji "inafunguka". Bei yake inakaribia nusu ya mshahara wa mwalimu. Swali lake lilikuwa fupi: kaka, ninunue?

Nilimjibu kwa neno moja, usinunue. Lakini wenye swali kama lake ni wengi, wengine mko Sinza na Mikocheni na mnanunua vitu vya bei mbaya zaidi ya hiyo, kwa hiyo jibu refu naliweka hapa.

Kwanza tuwe wakweli, uchafu kwenye umeme upo. Umeme wa ukutani unatakiwa uwe wa volti 230, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ungeuchora kwenye karatasi ungepata wimbi laini. Kiuhalisia wimbi hilo lina mikwaruzo juu yake. Chaji za simu za bei chee, taa za LED, motokaa ya mashine ya kukoboa mpunga inapowashwa, fundi wa mageti anapochomelea, friji inapojizima, kila kimoja kinaongeza mikwaruzo yake. Ukiwa na redio ya masafa ya kati au mafupi unaisikia kabisa: unatafuta stesheni ya ng'ambo ya ziwa, Malawi, unapata mvumo tu. Chomoa redio ukutani, weka betri, sauti inarudi. Hapo uchafu wa umeme ni kweli tupu na kichujio kinaweza kusaidia, ingawa betri ni rahisi zaidi.

Lakini sabufa si redio ya masafa ya kati. Ukiifungua (ichomoe kwanza, tafadhali, na usubiri kidogo) utaona kinachotokea. Umeme wa ukutani haufiki kwenye spika hata siku moja. Unaingia kwenye transfoma na kushushwa, unapita kwenye daiodi nne zinazoulazimisha kuelekea upande mmoja, kisha unajazwa kwenye kapasita kubwa, yale makopo mawili matatu yanayofanana na betri. Kapasita zinafanya kazi ya simtanki: maji ya bomba yakija kwa kurukaruka, wewe unaoga kwa maji ya tangi yanayotiririka sawasawa. Kwa maneno mengine, kila amplifaya iliyotengenezwa vizuri imezaliwa na kisafisha umeme ndani yake. Hicho cha nje kinajaribu kusafisha kitu ambacho kitasafishwa tena baada ya hatua mbili, na vichujio vingi vya aina hiyo vina nguvu hasa kwenye mitetemo ya juu sana, maelfu mengi ya mara kwa sekunde, ambako sikio la binadamu halifiki.

Hoja hii si mpya. Mwaka 2000 jarida la Marekani linaloitwa The Audio Critic lilichapisha makala ya mhariri wake, Peter Aczel, akiorodhesha uongo mkubwa kumi katika biashara ya vyombo vya muziki. Visafisha umeme vilikuwemo kwenye orodha. Biashara haikufa, ilinenepa. Kuna kampuni, PS Audio ikiwa mojawapo, zinazouza mashine za maelfu ya dola zinazopokea umeme wa ukutani na kutengeneza wimbi jipya kabisa. Na Wajapani wametupita wote: mwaka 2016 gazeti la Wall Street Journal liliandika habari za wapenzi wa muziki wanaosimikiwa nguzo ya umeme ya peke yao, yenye transfoma yake, ili wasichangie umeme na majirani. Mwanasheria mmoja wa miaka 82 alilipa kama dola 10,000. Hebu fikiria, huku kwetu mtu anafuatilia nguzo moja ili umeme ufike tu, taa iwake, basi.

Sasa mtu ataniambia, "lakini mimi nimesikia tofauti kwa masikio yangu." Sikatai kwamba amesikia. Swali ni amesikia nini. Masikio yetu yana tabia moja mbaya: sauti ikiongezeka kidogo tu hatusemi "imeongezeka", tunasema "imekuwa nzuri". Ukishalipa laki kadhaa, ukakaa mbele ya kitu kipya kinachowaka taa ya bluu, utasikia hata ambavyo havipo. Ndiyo maana wahandisi wanapima kwa kujificha. Mmarekani David Clark alieleza mwaka 1982, katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, kifaa cha kulinganisha vitu viwili bila msikilizaji wala msimamizi kujua kipi kinapiga. Nyumbani hauhitaji kifaa. Mweke mdogo wako nyuma ya pazia, arushe sarafu, achomeke sabufa kwenye kichujio au moja kwa moja ukutani, wewe uandike unachodhani. Mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, nitakusikiliza, maana kwa kubahatisha matokeo hayo yanapatikana chini ya mara 4 katika 100. Ukipatia 8 au 9, rudisha kidude dukani kabla ya risiti haijapauka.

Hapo ningeweza kuishia kama ningekuwa naandika kutoka London. Shida ni kwamba binamu yangu hadanganyiki kabisa anaposema umeme wa kwao unaharibu muziki. Unaharibu! Ila si kwa njia anayouziwa.

Chukua nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, kwenye waya mwembamba uliogawanywa kwa majirani wengi. Saa moja jioni kila mtu amewasha taa, televisheni na pasi, mashine ya kukoboa bado inafanya kazi. Tuseme volti zimeshuka kutoka 230 hadi 180. Amplifaya yenye transfoma ya kawaida inashuka nayo, kwa kuwa nguvu inayoweza kutoa inafuata mraba wa volti. Piga hesabu: 180 ugawe kwa 230, jibu ulizidishe kwa lenyewe, unapata kama 0.61. Karibu asilimia 40 ya nguvu imepotea. Ukiwa unapiga taratibu hutagundua, maana kwa sikio huo ni upungufu wa desibeli mbili tu. Lakini ukifungua sauti, besi inagonga ukuta mapema, inakatwa vichwa, na kinachotoka ni mkoromo. Ndipo mtu anasema "umeme mchafu". Si mchafu, ni haba! Na kichujio hakiongezi hata volti moja. Simtanki haijai kwa kununua chujio la chai.

Saa sita usiku majirani wamelala, volti zinapanda, muziki "unafunguka". Hata wazungu wana imani kwamba vyombo vinalia vizuri zaidi usiku. Wao nyumba zao zinakuwa kimya, wanasikia mengi zaidi. Ndandalo sijui, kwa sababu usiku kuna vyura wa mashambani na wale hawana kitufe cha kupunguza.

Dawa ya umeme haba ni stebilaiza yenye uwezo unaolingana na vyombo vyako. Ile inayogonga "tak, tak" inapobadilisha hatua si nzuri kuisikiliza lakini inafanya kazi. Friji gadi ni kitu kingine: yenyewe haipandishi wala haisafishi, inakata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi na kusubiri dakika kadhaa ndipo irudishe. Usiidharau. Nyutro ikikatika kwenye laini ya nyaya tatu, nyumba yako inaweza kupokea volti zinazoelekea 400, na siku hiyo televisheni, friji na sabufa vinaondoka pamoja, na hicho cha taa ya bluu kinawasindikiza. Kifaa chenye uwezo wa kukata haraka kinaweza kukuokoa. Radi ni hivyo hivyo. Kwa radi za ukanda ule wa ziwa, ulinzi wa kwanza ni mkono wako kwenye plagi. Chomoa. Waya wa antena pia.

Halafu kuna jambo la ethi, na hapa naomba mniwie radhi nikikaa kidogo. Sabufa nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili, soketi zetu ni za matundu matatu. Tunafanya nini? Tunachukua kalamu ya Bic, tunasukuma tundu la juu, pini mbili zinaingia. Sote tumefanya. Nyumba nyingine zina tundu la tatu kwa urembo tu, nyuma yake hakuna waya, au upo na haujafika kwenye fimbo yoyote ardhini. Sasa kichujio cha umeme kilichotengenezwa kwa kufuata kanuni kina kapasita ndogo zinazounganisha nyaya mbili za umeme na ethi, ili uchafu uende ardhini. Ethi isipokuwepo, uchafu hauna pa kwenda, na lile bodi la chuma linabaki limening'inia katikati, kwenye nusu ya volti za ukutani, kama 115. Mkondo wake ni mdogo, mara nyingi hauui, lakini ukigusa bodi ukiwa peku kwenye sakafu yenye unyevunyevu, kama zilivyo sakafu za Kyela msimu wa mafuriko, utaruka. Yaani mtu analipa nusu mshahara ili sabufa yake ianze kumng'ata. Hela hiyo hiyo ingemlipa fundi wa wayaringi mwenye leseni aje achimbie fimbo ya ethi, aipime, na nyumba nzima ikawa salama, watoto wakiwemo.

Mivumo mingine hata haihusiani na umeme wa ukutani. Simu imechomekwa kwenye chaji na wakati huo huo imeunganishwa na sabufa kwa waya: unasikia "nzzzz". Chomoa chaji, kimya. Uchafu huo unatoka kwenye chaji na kupita kwenye waya wa muziki, kichujio hakipo hata kwenye njia yake. Tumia bluetuthi au flashi. Ule mlio wa "ti-ti-ti-ti" kabla simu haijaita ni mawimbi ya simu yenyewe; isogeze mbali. Na wenye sola, kama inveta yako ni ya bei ya chini inayotoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, transfoma ya redio italalamika, na kilio hicho ni cha kweli. Lakini kwa nini upandishe volti 12 za betri hadi 230 halafu sabufa izishushe tena? Zipo sabufa zenye tundu la volti 12 kwa nyuma. Chomeka moja kwa moja kwenye betri, kwa kufuata alama za chanya na hasi. Yule mzee wa Japani analipia nguzo kutafuta umeme uliotulia kama huo, na wewe unao kwenye betri ya gari iliyochoka.

Kinachoniudhi katika biashara hii si uongo wake peke yake. Ni kwamba inamfanya mwananchi aone umeme haba kama tatizo la sebuleni kwake, la kutatuliwa kwa pochi yake. Stebilaiza nimekushauri, ndiyo, lakini hata hiyo ni plasta. Kwenye laini dhaifu, mwenye stebilaiza anavuta mkondo mwingi zaidi ili apate volti zake, na jirani asiye nayo anazidi kupungukiwa. Tatizo ni waya na transfoma, na hivyo havinunuliwi Kariakoo. Nchi sasa ina mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kwa jumla, kwa hiyo maneno ya "umeme hautoshi" hayawezi tena kujibu kila kitu. Kuzalisha ni jambo moja, kuufikisha umeme mwisho wa laini ukiwa bado na volti zake ni jambo lingine, na hilo la pili halikatiwi utepe.

Kwa hiyo nimemshauri binamu anunue kipimo cha volti cha fundi, ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na kile kidude. Apime kwenye soketi asubuhi, mchana, saa moja jioni na saa tano usiku, kwa wiki mbili, aandike kwenye daftari tarehe, saa na namba, bila kuongeza chumvi. Majirani watatu wanne wafanye hivyo hivyo. Malalamiko yaende kwanza ofisi ya TANESCO ya wilaya, kwa maandishi, yakiambatana na namba zile. Wasiporidhika na majibu, EWURA inapokea malalamiko ya wateja, na itataka kuona kwamba mlianzia kwa mtoa huduma. Tengenezeni nakala mbili, na ile mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa.